Utepe Begani: Mashindano ya Urembo na Jina la Nchi

Watu wengi wakisikia mashindano ya urembo hufikiria taji. Mimi naona mwanafunzi wa historia afadhali autazame utepe, ule ukanda mpana wa kitambaa unaopita begani hadi kiunoni. Taji huvaliwa na mmoja tu, usiku ukiisha. Utepe huvaliwa na wote tangu mwanzo, na jina lililoandikwa juu yake ni la nchi, wala si la msichana. Kabla majaji hawajatazama sura ya mtu, yuko aliyekwisha kuamua kwamba huyu ni wa nchi fulani na anaweza kusimama kwa niaba yake. Kwa sisi tuliokulia Kenani, jambo hilo si dogo.

Mashindano ya Miss World yalianzishwa London mwaka 1951 na Eric Morley. Kwa miaka mingi msichana aliyekuja kwa jina la Afrika Kusini alikuwa Mzungu, kwa kuwa serikali ya ubaguzi wa rangi haikutaka mwingine. Mwaka 1970 wapinzani wa ubaguzi walipaza sauti, na Morley akapata ufumbuzi wa ajabu: hakumwondoa mwakilishi Mzungu, bali aliongeza wa pili. Jillian Jessup alivaa utepe wa "South Africa". Pearl Jansen wa Cape Town, ambaye kwa sheria za huko alihesabiwa katika kundi la machotara, alivishwa utepe ulioandikwa "Africa South". Hakuna nchi yenye jina hilo. Maneno yaligeuzwa tu, la nyuma likawekwa mbele, ili binti aliyezaliwa katika nchi ile aweze kuonekana bila nchi yenyewe kulazimika kumkubali.

Usiku wa tarehe 20 Novemba, katika ukumbi wa Royal Albert Hall, wanawake wa harakati za ukombozi walisimama katikati ya shughuli wakarusha unga na vipeperushi, hata mwongozaji Bob Hope akakimbia jukwaani. Walisema wanawake wanapangwa na kukaguliwa kama ng'ombe mnadani. Shughuli iliporudi, Jessup alikuwa wa tano na Jansen wa pili. Taji lilikwenda kwa Jennifer Hosten wa Grenada, kisiwa ambacho hakikupata uhuru hadi mwaka 1974. Utepe wake uliutangulia uhuru wa nchi yake kwa zaidi ya miaka mitatu. (Eric Gairy, kiongozi wa serikali ya Grenada, alikuwa miongoni mwa majaji, na manung'uniko juu ya jambo hilo hayajaisha hadi leo.)

Filamu ya Misbehaviour, iliyotoka mwaka 2020, inasimulia usiku huo, na sifa yake ni kwamba haimpi upande mmoja haki yote. Nakubaliana na wale wanawake kuhusu mnada. Lakini Hosten amekuwa akieleza kwamba waliopinga hawakuona maana ya mwanamke mweusi kusimama pale na kushinda. Kudharau utepe ni rahisi kwa mtu ambaye jina la nchi yake halijawahi kutiliwa shaka.

Miaka mitatu kabla ya hapo, Tanzania nayo ilikuwa imeanza kubishana kuhusu nani anafaa kuwa sura ya taifa. Mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, Theresa Shayo alitawazwa Miss Tanzania. Mwaka uliofuata mashindano yalipigwa marufuku kwa hoja kwamba yanapingana na utamaduni wa taifa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo ingeanza tarehe 1 Januari 1969, dhidi ya sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kuchubua ngozi. Hata kabla ya tarehe hiyo vijana waliwavamia wanawake mitaani Dar es Salaam, maeneo ya Kariakoo, kwa sababu ya mavazi yao.

Magazeti yalijaa barua. Baadhi ya waandishi waliuliza: ikiwa tunarudi kwenye asili, bibi zetu walivaa nini kabla ya wamisionari? Hoja hiyo naiona nzito hata sasa. Gauni refu lililotajwa kuwa la Kiafrika lilikuwa limefika kwa meli kama sketi fupi ilivyofika, ila lilitangulia.

Mashindano yalirudi mwaka 1994, Aina Maeda akashinda. Kufikia hapo Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lilikuwa limeyalegeza masharti ya Arusha, vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa mwaka 1992, na wafanyabiashara wangeweza kudhamini jukwaa. Mwaka 2005 Nancy Sumari akapata heshima ya kuwa Miss World Africa, na hakuna aliyesema tena kwamba utepe wa Tanzania ni aibu. Wanaosifu marufuku na wanaosifu kurejea hubishana sana, lakini mimi naona mara zote mbili mwili wa msichana ulitumiwa kuwatangazia wananchi wanaishi katika uchumi wa namna gani. Mwaka 1968 ulifunikwa, mwaka 1994 ukaonyeshwa, na uamuzi haukuwa wake.

Kwa wazazi wetu waliozaliwa ng'ambo ya Ziwa Mweru, habari ni fupi zaidi. Oktoba 1971 Mobutu aliiita nchi Zaire, na siasa yake ya uhalisia ikawaletea wanaume abakosti na ikawakataza wanawake suruali, mawigi na sketi fupi. Hata hivyo, mwaka 1985 Benita Mureka Tete alisimama Miami na utepe wa Zaire katika Miss Universe, akawa wa tatu. Miaka kumi na miwili baadaye, Mei 1997, jina hilo lilifutwa.

Agosti 2024 jambo hili lilitufikia kwenye simu. Chidimma Adetshina, aliyezaliwa Soweto, baba yake akiwa Mnigeria, alikuwa akishindania taji la Miss South Africa. Watu walianza kuhoji uraia wake, waziri akaingilia, kisha wizara ya mambo ya ndani ikasema inachunguza hati za mama yake. Msichana alijitoa. Mwezi huohuo Nigeria ilimwalika, akashinda huko, na Novemba akawa wa pili katika Miss Universe, Mexico City. Ni mtu yuleyule na mwendo uleule jukwaani, ila kitambaa kimebadilika. Nilipoona habari hiyo nilimkumbuka Pearl Jansen. Miaka 54 ilikuwa imepita, na wakati huu waliouliza swali hawakuwa Wazungu.

Marafiki zangu wa kike hapa Kenani wanampenda zaidi Halima Aden. Alizaliwa mwaka 1997 katika kambi ya Kakuma, Kenya, kwa wazazi Wasomali, akahamia Marekani akiwa mtoto. Mwaka 2016 alishindania taji la Miss Minnesota USA akiwa amevaa hijabu, na kwenye zamu ya vazi la kuogelea akavaa vazi la kumfunika mwili mzima. Akafika nusu fainali. Mmoja wao aliniuliza kwa nini utepe wake haukuandikwa Kakuma. Nikamjibu kwamba hakuna shindano linalotoa utepe wa kambi.

Watu wetu walivuka kuja Nchelenge kwa wingi kuanzia Agosti 2017, wakikimbia vita vya Katanga ya Juu na Tanganyika, na Januari 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa. Watoto waliozaliwa hapa miaka hiyo wanasoma sasa, wanazungumza Kibemba kuliko Kiswahili cha mama zao, na Kongo wanaijua kwa kuisikia tu. Katiba ya Zambia, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, haimpi mtoto uraia kwa sababu tu amezaliwa ndani ya mipaka. Inatazama uraia wa mzazi. Binti aliyezaliwa Kenani mwaka 2017 atatimiza miaka 18 mwaka 2035. Anaweza kuwa mrembo kuliko wote wa mkoa wa Luapula, na fomu ya kwanza atakayopewa itamwuliza yeye ni raia wa wapi.