Mchango Kiganjani: Mitandao ya Kijamii na Uchangishaji wa Fedha za Matibabu Afrika Mashariki

Uchangishaji wa fedha za matibabu kwa njia ya mitandao ya kijamii ni kazi ya kuomba, kuahidi, kutoa na kutangaza michango kupitia majukwaa kama WhatsApp, Facebook, Instagram na X, kwa manufaa ya mgonjwa mmoja, hospitali au asasi isiyo ya kibiashara. Afrika Mashariki kazi hii haikuzaliwa mtandaoni. Imejengwa juu ya desturi ya mchango iliyozoeleka katika harusi, misiba na ujenzi wa zahanati, ile ambayo Jomo Kenyatta aliifanya wito wa taifa mwaka 1963 kwa neno moja: harambee. Makala hii inajenga hoja kwamba mtandao umelifikisha ombi mbali na kwa haraka zaidi, lakini kinacholeta fedha bado ni uaminifu wa anayezipokea. Kwa hiyo hospitali na asasi zinazotafuta wachangiaji mtandaoni zinapaswa kujifunza kwanza kazi ya mweka hazina, ndipo zijifunze kazi ya mtangazaji.

Kamati, orodha na simu

Kundi la mchango la WhatsApp linaonyesha jambo hili kwa karibu. Mtu anapolazwa na gharama zikaizidi familia, ndugu au mfanyakazi mwenzake hufungua kundi na kuwaingiza watu walio kwenye simu yake. Ujumbe wa kwanza hutaja ugonjwa, hospitali, kiasi kinachohitajika, siku ya mwisho, namba ya mweka hazina na jina litakalotokea mtu anapotuma fedha. Kisha orodha huanza. Kila anayechangia huinakili yote, huongeza jina lake chini na kuirudisha kundini: namba 14, elfu kumi, ametoa, namba 15, elfu ishirini, ameahidi. Fedha ikishaingia, mweka hazina huweka alama ya tiki. Jioni hutangaza jumla na pengo lililobaki.

Orodha hiyo fupi hufanya kazi tatu. Ni daftari la hesabu linaloonwa na wote, ni ushahidi kwa anayesitasita kwamba watu anaowafahamu wameshatoa, na ni deni la heshima kwa aliyeahidi. Tangazo la kulipia, hata likiwa zuri namna gani, haliwezi kufanya kazi hizo, kwa sababu nguvu ya orodha inatokana na watu kujuana.

Kilichouondoa mchango huu kwenye kikao cha kamati na kuuweka kiganjani ni huduma za fedha kwa simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Tangu hapo, aliyeguswa na ujumbe saa nne usiku hakuhitaji tena kusubiri benki ifunguliwe asubuhi, wakati huruma imeshapoa. Mwaka 2010, baada ya tetemeko la ardhi la Haiti, Msalaba Mwekundu wa Marekani uliwaomba wenye simu watume neno moja ili kutoa dola 10, na kwa njia hiyo ukakusanya zaidi ya dola milioni 30. Mwaka uliofuata, ukame ulipoikumba kaskazini mwa Kenya, kampeni ya Kenyans for Kenya iliunganisha Msalaba Mwekundu wa Kenya, vyombo vya habari, benki na M-Pesa, ikalenga shilingi milioni 500 na kuvuka lengo hilo. Katika mifano yote miwili mpokeaji alikuwa taasisi iliyokwisha kujulikana kwa kazi yake kabla ya maafa.

Huruma humfuata mtu

Mwaka 1968 mwanauchumi Thomas Schelling alieleza kwamba watu hulipa kwa moyo zaidi kumwokoa mtu wanayemjua kwa jina kuliko kuokoa maisha yanayotajwa kwa takwimu. Jaribio la Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic, lililochapishwa mwaka 2007, lilithibitisha hilo kwa vipimo. Walioonyeshwa habari za msichana mmoja wa Mali walitoa wastani wa dola 2.38 kati ya dola 5 walizokuwa nazo. Waliopewa takwimu za njaa pekee walitoa dola 1.14. Waliopewa habari za msichana pamoja na takwimu walitoa dola 1.43. Takwimu, badala ya kuipa huruma uzito, ziliipunguza.

Mitandao ya kijamii hukuza tabia hiyo maradufu, kwa kuwa picha na simulizi ya mtu mmoja husambaa kirahisi. Agosti 2015, Africa Cancer Foundation pamoja na mwandishi Jackson Biko waliwaomba Wakenya mchango wa shilingi milioni 1 kwa ajili ya mwanafunzi wa chuo kikuu aliyehitaji upasuaji wa uvimbe wa ubongo nchini India. Ndani ya siku chache zilipatikana zaidi ya milioni 6.

Mafanikio hayo yana upande wa pili. Kwa kila mgonjwa aliyepata mwandishi hodari, wapo wengi wenye ugonjwa uleule wasio na wa kuwasemea. Lauren Berliner na Nora Kenworthy, katika utafiti wao wa mwaka 2017 kuhusu kampeni 200 za matibabu katika jukwaa la GoFundMe, waligundua kwamba takriban asilimia 10 tu zilifikia lengo. Anayefanikiwa si lazima awe mgonjwa zaidi. Mara nyingi ni yule mwenye marafiki wenye kipato, anayejua kujieleza, na ambaye ugonjwa wake hauchukuliwi kuwa aibu. Mwanamke mwenye fistula, jeraha la uzazi linalomfanya avuje mkojo, hawezi kutarajiwa kuweka habari zake mbele ya umma.

Hapo ndipo wajibu wa taasisi unapoonekana. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam, ambako matibabu ya fistula hutolewa bure, ilitambua kwamba kizuizi kikubwa kwa wanawake wengi kilikuwa nauli. Kuanzia mwaka 2009 ilitumia M-Pesa kumtumia nauli balozi wa kujitolea aliye karibu na mgonjwa. Balozi aliitoa na kumkatia tiketi, na mgonjwa alipofika hospitalini, balozi alipewa bahshishi. Njia ileile ya simu inayopandisha michango ya wengi inaweza kuishusha hadi kwa mtu ambaye hajaomba hadharani. Huruma kwa sura moja inapaswa kujaza mfuko unaowahudumia wasio na sura mtandaoni.

Kupenda na kutoa

Taasisi nyingi hupima kampeni kwa idadi ya waliobonyeza alama ya kupenda au waliosambaza ujumbe. Kipimo hicho kinapotosha. Kirk Kristofferson na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba watu waliounga mkono jambo kwa kitendo chepesi mbele ya wengine walikuwa na uwezekano mdogo wa kutoa msaada mzito baadaye kuliko waliofanya hivyo faraghani. Aliyekwisha kuonekana mwema huweza kuona wajibu wake umetimia.

Hata hivyo kitendo chepesi si adui wa mchango kikifungwa na utoaji wenyewe. Kampeni ya ndoo ya maji ya barafu ya mwaka 2014 ilimtaka mtu ajimwagie maji au atoe fedha, na wengi walifanya yote mawili, kisha awataje kwa majina watu wa kumfuata. Shirika la ALS Association la Marekani, linalopambana na ugonjwa wa neva uitwao ALS, lilipata dola milioni 115, na sehemu kubwa ikaenda kwenye utafiti. Mwaka 2016 watafiti waliosaidiwa na fedha hizo walitangaza ugunduzi wa uhusiano kati ya jeni ya NEK1 na ugonjwa huo. Kampeni iliporudiwa mwaka 2015, ilipata sehemu ndogo sana ya kiasi cha awali. Moto wa mtandao huwaka upesi na kuzimika upesi, hivyo haufai kuwa tegemeo la gharama za kudumu kama kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo kila wiki. Gharama za namna hiyo ni mzigo wa bima ya afya na bajeti ya umma. Mchango huziba nyufa.

Siri ya mgonjwa

Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022 kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi zinazipa taarifa za afya ulinzi maalumu. Lakini picha ya mtoto kitandani, dripu mkononi na jina lake chini, haiwezi kurudishwa ikishasambaa. Akipona, ataikuta atakapokuwa kijana. Idhini ya mzazi anayelia kwenye korido si idhini kamili. Mgonjwa au mlezi aelezwe kwa utulivu nini kitaonyeshwa, kwa muda gani, na kwamba akikataa matibabu yake hayatabadilika.

Marejesho

Uaminifu hujengwa kwa taratibu zinazojulikana tangu mwanzo. Fedha ziende kwenye akaunti ya taasisi au moja kwa moja kwenye ankara ya hospitali, zisipitie simu ya mtu binafsi. Ombi lithibitishwe na daktari anayetibu, maana matapeli hunakili picha za wagonjwa na kubadilisha namba ya simu tu. Itamkwe mapema ziada itakwenda wapi, na fedha zitafanyiwa nini mgonjwa akifariki kabla ya kutibiwa. Haya ni maswali magumu kwa familia yenye majonzi, na ndiyo sababu yanafaa kujibiwa kabla ya shilingi ya kwanza kuingia.

Hatua ya mwisho ni ile ambayo mweka hazina mzuri wa kundi haiachi: ujumbe wa kufunga hesabu. Hutaja jumla iliyopatikana, kiasi kilicholipwa hospitalini pamoja na picha ya stakabadhi, salio, hali ya mgonjwa, na shukrani. Ni baada ya ujumbe huo tu ndipo kundi hufungwa, na aliyechangia hubaki tayari kuingizwa katika kundi lijalo.