Durban: kutoka kiboko hadi onyo la maandishi

Mwaka 1894 mtu mmoja aliingia katika ofisi ya wakili kijana mjini Durban, nguo zake zimeraruka, meno mawili ya mbele yamevunjika na damu ikimtoka mdomoni. Alikuwa Balasundaram, kibarua wa mkataba kutoka India, na aliyempiga alikuwa tajiri wake. Wakili huyo, Mohandas Gandhi, alimpeleka kwa daktari kisha kwa hakimu, na hatimaye mkataba wake ukahamishiwa kwa mwajiri mwingine.

Gandhi hakumshauri Balasundaram aache kazi. Chini ya sheria za Natal wakati huo, kibarua aliyetoroka kwa bwana wake alihesabiwa mhalifu na angeweza kufungwa jela. Kuzembea kazini nako kulikuwa kosa la jinai. Kwa maneno mengine, swali la nini kifanyike kwa mfanyakazi asiyefikia kiwango lilijibiwa na polisi na mahakama. Meneja hakuwa na haja ya kuuliza kwa nini kazi imeharibika.

Wahindi wa kwanza wa mkataba waliteremka bandarini Durban kutoka meli ya Truro mwezi Novemba mwaka 1860, kwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Lakini sheria za bwana na mtumishi ziliwabana Waafrika pia, na zilidumu nchini Afrika Kusini hadi mwaka 1974.

Viwanda vya Durban vilipokua katika karne ya 20, silaha ya mwajiri ilibadilika: ikawa ni kumfukuza mtu. Kwa Mwafrika mwenye pasi, kupoteza kazi mara nyingi kulimaanisha kupoteza pia ruhusa ya kukaa mjini. Sheria za kazi hazikumtambua Mwafrika kuwa ni mwajiriwa kamili, na sheria ya mwaka 1953 ilimkataza kugoma. Waajiri wengi walilalamika kwamba watu wao ni wavivu, ilhali ujira waliowalipa haukutosha chakula, nauli na kodi ya nyumba.

Tarehe 9 Januari mwaka 1973 mambo yalifika ukingoni. Wafanyakazi wapatao 2,000 wa kiwanda cha matofali cha Coronation waliacha kazi na kukusanyika katika uwanja wa mpira. Walikuwa wakilipwa chini ya randi 9 kwa wiki, wakadai 20. Walipotakiwa kuchagua wawakilishi walikataa, kwani walijua kwamba atakayejitokeza mbele ndiye atakayekuwa wa kwanza kufukuzwa. Mgomo ukaenea hadi viwanda vya nguo na kwa vibarua wa manispaa, na katika mwaka huo karibu watu 100,000 waligoma. Hata Waziri Mkuu John Vorster, ambaye serikali yake ndiyo iliyosimamia ubaguzi wa rangi, aliwaambia waajiri kwamba wafanyakazi wao ni binadamu wenye roho, si vipande vya saa za kazi.

Je, mgomo huo ulibadilisha nini? Nyongeza za mishahara zilikuwa ndogo. Lakini serikali iliunda Tume ya Wiehahn mwaka 1977, na kuanzia mwaka 1979 vyama vya Waafrika viliweza kusajiliwa. Mahakama mpya ya viwanda ilianza kuwauliza mameneja swali ambalo hawakuwa wamezoea kuulizwa: kabla ya kumwachisha kazi mtu huyu, ulimweleza kosa lake? Shirikisho kubwa la vyama vya wafanyakazi, COSATU, lilizinduliwa huko huko Durban mwezi Desemba mwaka 1985.

Baada ya ubaguzi wa rangi kuangushwa, swali hilo liliingizwa katika Sheria ya Mahusiano Kazini ya mwaka 1995. Kanuni zilizoambatanishwa nayo zilitaka kwamba mfanyakazi aliyekwisha kumaliza muda wa majaribio asiachishwe kazi kwa sababu ya utendaji dhaifu kabla ya kupimwa, kuelekezwa, kufundishwa au kushauriwa, na kupewa muda wa kutosha wa kujirekebisha. Ilipasa pia kuthibitishwa kwamba alikijua kiwango alichotakiwa kukifikia. Tanzania nayo ilifuata njia inayofanana na hiyo kwa sheria zake za mwaka 2004, zilizounda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Wako waajiri wanaoona kwamba utaratibu huu ni mrefu, hasa kwa mwenye duka au karakana ndogo, ambaye mtu mmoja mzembe anaweza kumtia hasara. Malalamiko hayo yana uzito wake. Hata hivyo sheria haimlazimishi mwajiri kumbakiza asiyeiweza kazi. Inamtaka kwanza ajue tatizo liko wapi. Huenda mashine ni mbovu, huenda maelekezo hayakueleweka, huenda mtu amewekwa mahali pasipomfaa. Kiboko hakikuweza kutofautisha mambo hayo, wala barua ya kufukuzwa iliyoandikwa kwa hasira.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Historia ya Durban inaongeza kwamba hata mkulima hodari, akipewa jembe lisilo na mpini, atahesabiwa mvivu na yule asiyetaka kulitazama jembe lenyewe.