Nepi za kitambaa: Hesabu, ushonaji na ufuaji kwa mzazi mwenye mfuko mwepesi

NEPI ya kitambaa ni kipande cha nguo ya pamba anachofungwa mtoto mchanga kiunoni, kikapitishwa katikati ya miguu ili kinyonye mkojo na kuzuia choo kisichafue malazi. Kamusi zetu zinalo neno winda, lililotumika kabla ya hili la nepi kupiga hodi kutoka Kiingereza na kukaribishwa hadi sebuleni.

Kizazi cha mwandishi huyu kililelewa kwa nepi hizo: taulo nyeupe za mraba, pini kubwa na chupi ya plastiki ya kuvalishwa juu. Nepi za kutupwa zilikuja baadaye. Kampuni ya Procter & Gamble ilianza kuzifanyia majaribio za Pampers mjini Peoria, Marekani, mwaka wa 1961, na hapa kwetu jina hilo la kibiashara limegeuka kuwa jina la bidhaa yote, iwe imetengenezwa na nani.

Siku hizi nepi ya kutupwa huuzwa hata moja moja katika vioski vya mitaani, na hapo ndipo ulipo mtego. Mzazi asiye na fedha za kununua pakiti nzima hununua mbili za siku hiyo, kisha humwacha mtoto na moja tangu asubuhi hadi jioni. Hufikiri ameokoa hela, kumbe ngozi ya mtoto ndiyo inayolipa.

Tufanye hesabu. Tukichukulia kwamba nepi moja ya kutupwa ni Sh25 na mtoto anatumia tano kwa siku, mzazi atatumia Sh125 kila siku, yaani Sh3,750 kwa mwezi wa siku 30. Kwa upande wa pili, nepi 24 za kitambaa kwa Sh100 kila moja ni Sh2,400. Ongeza chupi tatu za plastiki kwa Sh150 kila moja na pini za Sh50, jumla ni Sh2,900, tena zinalipwa mara moja tu.

Hata hivyo, wanaozisifu nepi za kitambaa husahau jambo moja, nalo ni maji. Kufua nepi 24 kwa mkono kila baada ya siku mbili huhitaji takriban mitungi mitatu ya lita 20. Hiyo ni mitungi 45 kwa mwezi. Mtungi ukiuzwa Sh10, maji yatagharimu Sh450, na sabuni ikiwa ya Sh400, gharama yote ni Sh850. Lakini mabomba yakikauka na mtungi ukafika Sh50, maji peke yake yatameza Sh2,250, na akiba ya mzazi itapungua hadi Sh1,100 kwa mwezi. Hapo hatujahesabu mgongo wa anayefua. Kwa hivyo asilaumiwe mama wa mtaani anayechagua nepi za kutupwa wakati wa uhaba wa maji. Huenda amepiga hesabu kuliko wanaomshauri.

Kwa anayepata maji kwa bei nafuu, si lazima anunue nepi mpya. Leso kuukuu ya pamba ni laini kuliko mpya kwa sababu imefuliwa mara nyingi. Leso moja yenye urefu wa mita moja na nusu hutoa vipande sita vya mraba vya takriban sentimita 50. Kwa kuwa ni nyembamba, shona viwili pamoja ili upate nepi tatu, kisha weka katikati ulimi wa taulo au wa fulana iliyochakaa. Shuka na taulo za mitumba zinazopatikana Gikomba au Kongowea pia hufaa, mradi ziwe za pamba.

Utajuaje ni pamba? Dondosha tone la maji juu ya kitambaa. Likizama mara moja, chukua, likiteleza, kiache. Njia ya pili ni kuchoma uzi mmoja: wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu, ilhali wa poliesta huyeyuka na kufanya kifundo kigumu. Nguo yoyote ya mitumba ifuliwe na kuchemshwa kabla ya kumgusa mtoto.

Kumfunga si kazi kubwa. Kunja mraba uwe pembetatu, mlaze mtoto ukingo mrefu ukiwa kiunoni, pandisha ncha ya kati kupitia miguuni, kisha kutanisha ncha za pembeni juu yake na ubane kwa pini. Weka vidole vyako kati ya pini na tumbo la mtoto, ili ukikosea ujichome wewe. Kwa mvulana, mkunjo mnene uwe mbele. Chupi ya plastiki huzuia maji lakini pia hufungia joto, hivyo mtoto akiwa nyumbani mchana ni heri akae bila hiyo na alale juu ya kitambaa cha ziada.

Mtoto mchanga huhitaji kubadilishwa mara nane hadi 12 kwa siku, kwani nepi ya kitambaa haifichi unyevu kama ile ya kutupwa.

Katika ufuaji ndiko wengi hukosea. Choo kikwanguliwe na kutupwa chooni, si mtaroni. Choo cha mtoto hubeba viini vya magonjwa kama cha mtu mzima. Suuza kwanza kwa maji baridi, maana ya moto hukaza madoa, na unaweza kutumia maji yaliyosuuzia nguo nyingine. Nepi zinazongoja kufuliwa zikae kwenye ndoo kavu yenye kifuniko. Ndoo ya maji iliyoachwa wazi imewahi kuwazamisha watoto wanaotambaa.

Dawa ya klorini isimwagwe juu ya nepi zilizolowa mkojo, kwa kuwa vikichanganyika hutoa hewa yenye sumu. Vilainishi vya nguo navyo huzuia kitambaa kunyonya. Sabuni isuuzwe hadi maji yawe meupe, kisha nepi zianikwe kwenye kamba juani. Zisianikwe chini au vichakani: yupo nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia ngozini mwa mtoto. Msimu wa mvua, jua likikosekana, zipigwe pasi ya moto pande zote. Bibi zetu walipiga pasi nepi bila kueleza sababu, nasi tukadhani ni unadhifu tu.

Upele wa kawaida wa nepi hupungua mtoto akibadilishwa haraka, akioshwa kwa maji na kuachwa wazi kwa muda. Ukidumu zaidi ya siku tatu, ukaenea kwenye mikunjo ya mapaja na kuwa na vipele vyekundu pembeni, huenda ni ukungu, na mtoto apelekwe kliniki.

Wazazi wanaofanya kazi hukutana na kikwazo kingine: mlezi wa mtaani anayetunza watoto wengi huenda akakataa nepi za kufua. Wengine wamepatana naye kwamba asifue chochote. Nepi chafu zitiwe kwenye mfuko wenye zipu na kurudishwa jioni. Wapo pia wanaotumia kitambaa mchana na nepi moja ya kutupwa usiku, jambo ambalo kwa bei yetu ya mfano ni Sh750 kwa mwezi.

Mtoto akishaanza kukaa msalani, nepi zilizo nzima huchemshwa, kukaushwa kabisa na kuhifadhiwa kwa ajili ya mdogo wake. Zilizochanika huwa matambara ya jikoni.