Pijo 504: gari lililopimwa kwa matope

Waya wa kuundia Peugeot 504 ulikuwa ukikatika mahali palepale kila mara. Boneti ilikubali. Paa lilikubali. Hata taa za mbele zenye pembe, zilizoinama kama macho ya mtu anayetazama jua, zilikubali. Shida ilikuwa buti. Kwenye gari lenyewe buti hainyooki: inateremka kidogo, halafu inakunjika na kudondoka ghafla. Sisi watoto wa Mwatate, kule Taita, tulikunja waya hapo kwa meno, kwa jiwe, kwa koleo lililochukuliwa nyumbani bila ruhusa, na waya ukakatika. Aliyeupata ule mkunjo aliheshimiwa kijiji kizima, na magari mengine yote ya waya yakafuata nyuma ya lake.

Hakuna aliyetufundisha kulipenda gari hilo. Lakini mapenzi hayo yalikuwa na asili yake, na asili yenyewe ilianza kabla hatujazaliwa, kwenye tope la mashindano ya magari ya wakati wa mvua za Pasaka.

Mwaka 1953 yaliandaliwa mashindano ya masafa marefu kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Yaliitwa Coronation Safari. Yalikuwa ya walowezi na matajiri wa mjini. Yalimhusu mwanakijiji pale tu gari lilipokwama na watu wakahitajika kulisukuma. Hata hivyo kulikuwa na kanuni moja ya miaka ile ambayo mimi naiona ya maana kuliko zote. Magari hayakupangwa kwa ukubwa wa injini. Yalipangwa kwa bei yake dukani. Yaani swali lililoulizwa barabarani ndilo ambalo mtu yeyote mwenye pesa ya kudunduliza angeuliza: kwa kiasi hiki, gari gani litanifikisha?

Jibu lilikuja kwa ukali. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, na yaliyofika mwisho yakawa 7 tena. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, akiwa na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Katikati hapo, 1966 na 1967, Bert Shankland na Chris Rothwell walishinda kwa gari la aina hiyohiyo. Mara 4 ndani ya miaka 6. Halikuwa gari la kasi ya kutisha. Lilikuwa la familia, sura yake imechorwa na Pininfarina wa Italia, gia yake ikiwa kwenye shingo ya usukani. Sifa yake ni kwamba wenzake walipobaki mtoni na mitaroni, lenyewe lilirudi Nairobi.

Watu walishika hilo. Tangazo la gazeti lingeweza kusema chochote, lakini matope hayakuwa na upendeleo, na kila mtu wa kando ya barabara aliyaona matokeo kwa macho yake.

Si kwamba Peugeot ilitamba peke yake. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, kisha akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shuleni kwetu kulikuwa na chama kikubwa cha Datsun, na walikuwa na sababu: Shekhar Mehta alishinda 1973 kwa Datsun 240Z baada ya kulingana pointi na Harry Källström, kisha akachukua ushindi mara 4 mfululizo, 1979 hadi 1982. Ngumi zilipigwa kwa ajili ya majina hayo. Mimi nilikuwa wa Pijo, na silaha yetu ilikuwa Ove Andersson wa 1975 na Jean-Pierre Nicolas wa 1978, wote kwa 504. Gari la Nicolas lilikuwa la milango 2, lenye injini ya silinda 6, si lile tulilolijua sisi. Hatukujali. Alama ya simba ilikuwa ileile.

504 ilizinduliwa Paris mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikatangazwa Gari la Mwaka la Ulaya. Huko Ulaya ilikuwa gari la daktari na la mwanasheria. Kwetu ilipata maisha mengine, kwa sababu ilianza kuunganishwa hapahapa, Miritini, Mombasa. Vipande vilishuka bandarini ndani ya masanduku, vikaunganishwa, na gari zima likapanda kwenda bara kwa barabara inayopita Voi. Kwa hiyo gari tuliloliota halikutoka nchi ya mbali. Lilitoka chini huko pwani, safari ya saa chache, nasi tukiwa Voi sokoni tuliyaona mapya yakipita.

Yaliyotugusa zaidi ni yale marefu, ya kubeba abiria. Hapo ndipo wahandisi walipofanya kazi ninayoistahi mpaka leo. Kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma waliongeza sentimita 16, wakaweka safu 3 za viti, na nyuma, badala ya springi 2, wakaweka 4. Hizo springi 4 ndizo zilizofanya Pijo iwe usafiri wa umma. Kutoka Nairobi kwenda Nakuru au Kisumu, aliyekuwa na haraka na shilingi za ziada hakupanda basi, alipanda Pijo. Ilijaa, ikaondoka, haikusimama kila mti. Mizigo ilifungwa juu ya paa, na mama mwenye mtoto alipewa safu ya kati.

Na ilikuwa pia gari la mkuu wa wilaya, la mwalimu mkuu, la daktari wa hospitali ya mkoa. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa baiskeli. Ndani ya mlango wa kabati lake alibandika picha ya 504 nyeupe aliyoikata gazetini. Hakuizungumzia hata siku moja. Ila kila alipofungua kabati kutoa shati la kazini, mlango ulikaa wazi kidogo zaidi ya ilivyohitajika, na sisi tulijua.

Hakuinunua. Karo zetu zilikuwa nne, na mshahara ulikuwa mmoja.

Ulaya waliacha kuunda 504 mwaka 1983, baada ya magari zaidi ya milioni 3. Kenya iliendelea hadi 2004. Lakini kabla ya hapo, miaka ya 1990, milango ilifunguliwa kwa magari ya mitumba kutoka Japani, na ghafla mwalimu akaweza kununua gari. Sitalia juu ya hilo. Baba yangu angefurahi kama lingetokea miaka 15 mapema. Kilichonihuzunisha ni namna Pijo zilivyoishia: nyuma ya magereji, magurudumu yametolewa, kuku wakitagia kwenye viti.

Sasa zinatafutwa. Tangu 2003 kuna mashindano ya magari ya zamani yanayopita barabara za Safari ileile, na nimeona watu wazima wakisimama juani saa nzima kusubiri gari moja la utotoni mwao lipite. Mimi sikwenda mbali hivyo. Miaka 3 iliyopita nilinunua 504 ya mwaka 1982 iliyokuwa imelala chini ya mwembe, nikaipeleka kwa fundi mmoja wa Changamwe, mzee aliyeshika Pijo tangu ujana wake.

Alipofungua milango kutoa vitambaa vya ndani, udongo mwekundu ulimwagika miguuni pake, mkavu, laini kama unga. Akauchota kwa kiganja. "Huu si wa kwetu pwani," akasema. "Gari hili limekaa bara, mwanangu. Limepita mahali." Nikamwomba asiutupe wote.

Wiki aliyomaliza kupaka rangi nyeupe alinipigia simu. Nilifika jioni, nikazunguka hadi nyuma, nikapitisha mkono polepole juu ya buti, mpaka pale chuma kinapokunjika na kudondoka. Nilipafikia, nikarudisha mkono, nikapitisha tena.

"Watafuta kutu?" mzee akaniuliza. "Nimeitoa yote."

Nikamwambia la, mzee wangu, napima tu.