No U-Turn Records

No U-Turn Records ni lebo ya muziki ya Uingereza iliyoanzishwa London mwanzoni mwa miaka ya 1990 na prodyuza Nico Sykes. Inafahamika hasa kwa tekstepu, tawi zito na la giza la muziki wa dramu na besi.

Kiini cha lebo kilikuwa studio ya Nico, magharibi mwa jiji, walikorekodi maprodyuza Ed Rush, Trace na Fierce. Humo ndimo ulimotoka wimbo "Bloodclot Artattack" wa Ed Rush mwaka 1993. Wakati muziki wa jangoo (jungle) wa siku zile ulijaa ngoma zilizokatwakatwa, vijana hawa walizipunguza, wakabakiza mdundo mkavu wa mapigo yapatayo 170 kwa dakika na kuiachia besi nafasi yote. Na besi ndiyo hasa habari yenyewe. Asili yake ni wimbo "Just Want Another Chance" (1988) wa Kevin Saunderson wa Detroit, aliyetumia jina la Reese: sauti mbili zinazopishana kidogo tu hupigwa pamoja, zikasuguana hadi zikanguruma na kuyumba. Nico aliikwaruza zaidi, ikawa chafu kama injini ya lori bovu.

Kazi kuu ya lebo ni mkusanyiko wa Torque (1997), ambao mpaka leo haujachuja. Mwaka 1998 Ed Rush na prodyuza mwenzake Optical walianzisha Virus Recordings na kutoa albamu ya Wormhole, yenye sauti safi zaidi iliyofungua njia ya mtindo wa nyurofanki (neurofunk). Ni albamu kubwa, ila ukali mbichi wa Torque haumo.