Bunduki ya .303 na darubini yake

Wasomaji, leo naweka programu kando. Babu wa baba yangu alitoka hapa Kakamega akapigana Burma 1944 na KAR, mkononi Lee-Enfield ya .303. Yake haikuwa na darubini, ndiyo maana nikataka kujua zilizokuwa nayo zilifungwaje.

Vita vya 1914–1918 Waingereza waliifunga upande wa kushoto, ili klipu ya risasi tano ipite juu. Jamani, mlengaji alipindisha shingo! Kuanzia 1942 Holland & Holland waliiweka katikati ya bunduki ya No. 4, juu ya chemba, kwa skrubu mbili za kukazwa na vidole. Shabaha ikanyooka, lakini klipu ikazibwa: risasi moja moja. Nambari ya darubini ilipigwa chapa kwenye mbao ya kitako, wasije wakazichanganya.

Mimi ningechagua ya katikati. Lakini sijawahi kurushiwa risasi.