Hesabu ya Shimo la Wazi, kutoka Montreal hadi Tanganyika

Swali la mahali shimo la mgodi wa wazi linapopaswa kukoma lilipata jibu la kihisabati mwaka 1965, Helmut Lerchs na Ingo Grossmann wa Montreal walipochapisha kanuni ya kutafuta umbo la shimo lenye faida kubwa kuliko mengine yote. Kwa kanuni hiyo, mwamba hugawanywa katika vitofali vya kufikirika, na kila kitofali hupewa thamani yake, yaani bei ya madini yaliyomo ikishatolewa gharama ya kuyachimba na kuyasafisha; lakini kwa kuwa kitofali cha chini hakifikiwi kabla ya kuondolewa vilivyo juu yake, tena kwa mteremko unaozuia kuta kuporomoka, kila chenye mali hupimwa pamoja na vifusi vinavyokifunika.

Kompyuta za enzi hizo zililemewa na hesabu hiyo, hivyo wahandisi wengi waliridhika na njia za kukisia hadi katikati ya miaka ya 1980, Jeff Whittle wa Melbourne, Australia, alipoiingiza kanuni hiyo katika programu iliyouzwa migodini. Whittle aliibadilisha bei ya madini hatua kwa hatua, akapata mashimo yaliyo moja ndani ya jingine, na dogo kabisa, lenye faida hata bei ikishuka, likawa ndilo la kuanza nalo. Hapo ratiba ikaungana na umbo, kwani fedha ya mwaka huu ina thamani kubwa kuliko ya mwaka wa kumi.

Programu hizi hulishwa na uchorongaji, yaani kutoboa mwamba kwa mashine ili kupata sampuli. Manono, katika mkoa wa Tanganyika wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako kampuni ya Géomines ilichimba bati zama za ukoloni, uchorongaji wa karne hii ulionyesha zaidi ya tani milioni 400 za mwamba wenye lithiamu, na utafiti wa mwaka 2020 ukaugeuza kuwa mpango wa shimo la wazi. Lakini Kisengo, katika eneo la Nyunzu mkoani humo, koltani huchimbwa kwa sururu na koleo. Lebo ambazo iTSCi, mfumo wa kufuatilia asili ya madini, ulianza kufunga mwaka 2011 kwenye magunia ya Katanga, mkoa ambao Tanganyika ilikuwa sehemu yake wakati huo, hueleza gunia limetoka wapi, lakini hazielezi kilichobaki ardhini. Gharama ya kulijua hilo haiwezi kubebwa na ushirika wa wachimbaji wadogo, na ni haki dola inayotoza kodi ya madini hayo iibebe.